Waya wa Shingoni mwa Mkuki

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha, na Bingwa ameniletea silaha kwa mikono yake mwenyewe.

Silaha kweli: mkuki. Aliingia karakana bila hodi, glovu hana, ameukumbatia kama mtoto aliyelala. Akaulaza mezani kwangu na kusema, "Binti, huu upanguse vumbi tu, usijitie kufikiri. Asili yake nishaitaja mimi. Ni wa watu wa bondeni." Kisha akachukua brashi yangu safi kuliko zote akakorogea chai kwa mpini wake.

Bingwa ni mkuu wetu hapa makumbusho, na jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu hakuna kitu duniani ambacho hajui kimetoka wapi. Yeye anadhani tunamsifu. Kazi yangu mimi ni kutibu vyuma na shaba: kutu, nyufa, viungo vilivyolegea. Niliisomea chuoni, lakini kabla ya chuo nilifundishwa na baba, ambaye alikalia kiti hiki hiki mpaka Bingwa alipomfukuza.

Naandika ili hasira isipoe. Alimfukuza mbele yetu sote, getini, saa ya kutoka kazini. Alidai baba anabadilisha vitu vya makumbusho bila kumwambia mtu. Baba akasema, "Sijagusa." Bingwa akamwamuru afungue mfuko. Zikatoka koleo zake ndogo, miwani na bakuli la chakula. Bingwa akafunua hata bakuli, akachungulia ndani, watu wanatazama.

Tarehe tisa Mei watakuja wajumbe wa pande mbili, wa bondeni na wa milimani. Kila upande unadai mkuki huu ni wao, kwamba ulikuwa unashikwa siku ya kumsimika mkuu wao kabla haujachukuliwa. Bingwa atasimama atamke ni wa nani, na hao wataondoka nao. Namwombea atamke kwa sauti kubwa. Nataka akikosea asikike mpaka barabarani.

Jumanne, 4 Machi

Nimeutazama kutwa. Ni mkuki wa heshima, haujawahi kumchoma mtu wala mnyama. Ubapa wake mrefu umechorwa vijistari kila upande, na makali hayajanolewa hata mara moja. Mpini ni wa mti mweusi mzito. Shingoni, pale ubapa unapokutana na mpini, umefungwa waya wa shaba nyekundu, mizunguko imebanana vizuri mno hata ukucha haupiti. Uzuri wake unaniudhi, maana umekaa katika mikono ya yule mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Kupangusa. Bingwa kapita, kapiga mluzi, kaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Nimempata!

Nilikuwa nimeinamia darubini, nasafisha kutu ya kijani katikati ya mizunguko ya waya, mara nikashtuka. Waya unakwenda kushoto.

Niliandike jambo hili sawasawa. Mafundi wa bondeni wanaukaza mpini usicheze, halafu wanauzungusha waya kwa mkono wa kulia. Kazi yao yote inakwenda kulia. Wa milimani wanafanya kinyume. Fundi anaukanyaga waya kwa unyayo, anaushika mpini magotini na kuuzungusha kuelekea kwake. Waya umetulia, mkuki ndio unaozunguka. Niliwahi kuwaona wakifanya, nikiwa mwanafunzi. Ukifanya hivyo waya unaenda kushoto, huwezi kuukwepa.

Basi mkuki ni wa milimani, na Bingwa ameshatangaza kote kwamba ni wa bondeni. Hajauona waya. Aliona michoro ya ubapa, akaridhika, akaenda kunywa chai.

Sitamwambia. Nitamwacha apande jukwaani, avae lile koti lake la kijivu, aongee weee, halafu nitasimama.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda stoo kuulinganisha na mikuki mitatu ya milimani ambayo asili yake haina ubishi. Yote inakwenda kushoto. Nilicheka peke yangu kule ndani mpaka nikakohoa vumbi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimempelekea baba picha ya ile shingo. Nyumbani paa linavuja juu ya jiko, mama ameweka beseni, na tulikuwa tunakula huku maji yanadondoka.

"Baba, ona. Huyu tumemkalia kooni."

Alichukua simu kwa mkono wa kushoto, kijiko akakiacha. Akatafuta miwani. Akaitazama picha, akaivuta ikawa kubwa, akairudisha ikawa ndogo.

"Kazi nzuri," akasema.

"Umeona waya?"

"Nimeuona."

Akairudisha simu mezani. Macho yake yalikuwa yamelowa, nami nikajua anakumbuka meza yake na vyuma vyake. Niliumia kwa ajili yake, na nikazidi kumchukia yule.

Mama alikuwa anasokota tambara kuziba pale panapovuja. "Shoto wangu, hakuna hata kitambaa kimoja cha maana humu ndani," akamtania baba. "Ulivyokuwa unakokota matambara kwenda nayo kazini! Mpaka magauni ya watoto. Ningekuachia hata pazia ungelibeba."

Tulicheka. Baba hakucheka sana.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Bingwa kanisahihisha mbele ya wageni namna ya kushika mkuki. Yeye! Nimejikaza kisabuni.

Jumanne, 25 Machi

Kila nikirudi jioni baba ananiuliza swali lile lile kabla sijavua viatu.

"Amefikia wapi huyo?"

Namweleza. Leo Bingwa kamwambia mwandishi wa habari kwamba angeweza kuutambua mkuki huu akiwa amefumba macho. Leo Bingwa kaagiza bango lenye picha yake, kubwa kuliko ya mkuki. Baba anasikiliza kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Amenenepa. Tangu afukuzwe alikuwa anachokonoa chakula tu, sasa anaongeza. Mama anasema chuki imemfanya awe na hamu ya kula, na kama ndivyo basi tuendelee kuchukia mpaka tununue viti vipya.

Alhamisi, 3 Aprili

Kaja mama mmoja kutoka bondeni, mjumbe wao. Ni fundi cherehani, ana sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya gauni. Ameloa chapachapa. Aliomba tu kuuona, basi.

Nilimfungulia. Hakuugusa. Alisimama akasema, "Bibi yangu alituambia shingo yake inang'aa. Nilidhani anatia chumvi."

Nikajisikia vibaya kidogo, kwa sababu huyu mama hatauchukua, na mimi najua. Lakini si mimi niliyemdanganya. Aliyemdanganya ni Bingwa, na hilo nalo nimeliongeza kwenye deni lake.

Ijumaa, 11 Aprili

Stoo imeingia maji. Kutwa kubeba masanduku. Bingwa alisimama mlangoni ameshika mwavuli, ndani ya nyumba, anatuelekeza.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilimwambia baba nafikiria kuufungua waya kidogo, mzunguko mmoja wa mwisho, ili nipige picha ya mti chini yake. Nikionyesha alama za waya kwenye mti, Bingwa hatakuwa na pa kutokea.

Baba alikuwa anakaza kishikio cha sufuria. Akasimamisha koleo.

"Usiuguse."

"Mzunguko mmoja tu, baba."

"Nimesema usiuguse! Ukifungua, atasema umeuharibu wewe. Utampa mdomo. Ushahidi unao, unatosha."

Ana busara mzee wangu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Bingwa angeruka juu ya meza kwa furaha.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Samahani, mheshimiwa. Naomba kuuliza: waya huu unaelekea wapi?" Sauti iwe ya unyenyekevu. Nikifika kwenye neno "mheshimiwa" mdomo unanicheza, inabidi niurudie.

Ninachokitaka ni kimoja. Nataka kumwona akiinamisha kichwa mbele ya watu, kama alivyomwinamisha baba.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua imepungua. Bango limebandikwa. Kasahau kufunga kifungo cha shati kwenye picha, na hakuna aliyemwambia. Tumekubaliana hivyo wote bila kuzungumza.

Jumanne, 6 Mei

Nitaandika yote.

Leo mchana nilikuwa naupaka mkuki nta kwa mara ya mwisho. Ncha ya waya, ile iliyofichwa chini ya mzunguko wa mwisho, ikajitokeza yenyewe. Unyevu wa mvua umeuvimbisha mti, ukausukuma waya. Haikuwa kosa langu wala ujanja wangu. Nilichukua kibanio niirudishe mahali pake, na mzunguko mzima ukainuka.

Chini yake palikuwa na kitambaa.

Mwanzo nilifurahi. Nikadhani nimepata kitu cha kale, ngozi au gome la mti. Nikavuta taa. Ni kitambaa cha pamba chenye miraba midogo ya zambarau na nyeupe, kimekunjwa kama utepe na kuzungushiwa mpini ili waya ushike. Pembeni palikuwa na pindo, na pindo limeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono mirefu, mifupi, mingine imepandana.

Mishono ile naijua. Nilikuwa darasa la tano, gauni langu la shule lilifumuka nikiruka kamba, na nyumbani hapakuwa na uzi wa zambarau. Nikashona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Mama alicheka siku nzima, akasema nimeshona kama kuku aliyekanyaga wino.

Nilikaa chini. Nilikaa sana.

Kisha nikakisogeza kile kitambaa kidogo na kuutazama mti wenyewe. Alama za waya wa kwanza zipo, zimezama, zimeng'aa kwa miaka. Zinakwenda kulia. Mkuki ni wa bondeni. Ulikuwa wa bondeni tangu mwanzo, na anayeuvuta waya kwenda kushoto bila kuzungusha mpini ni mtu wa mashoto, kama baba.

Nikaurudisha mzunguko, nikaufunika mkuki, nikatoka kabla ya saa.

Baba alikuwa kibarazani, koleo mkononi, anatengeneza kitasa cha jirani. Hakuniuliza Bingwa amefikia wapi. Nadhani aliona uso wangu.

"Baba," nikasema, "gauni langu la shule lilikwenda wapi?"

"Lipi?"

"La miraba. Lenye uzi mwekundu."

Aliweka koleo chini taratibu, akaweka na kitasa, akafuta mikono kwenye suruali.

"Bomba la stoo lilipasuka," akasema. "Maji yakaingia. Waya ulikuwa umeoza mahali, umekatika, unaning'inia. Niliutoa, nikaupasha moto, nikaunyoosha, nikaufunga upya, waya uleule. Lakini mti ulipokauka ulikuwa umesinyaa, waya unacheza. Nikahitaji kitu laini."

"Ukamwambia nani?"

"Nimwambie nani? Kazi nzuri haitakiwi kuonekana. Nilikufundisha hivyo."

"Ulinifundisha kusema kila nilichogusa! Bingwa alikuuliza, baba. Alikuuliza kama umebadilisha kitu."

"Aliniuliza mbele za watu!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Angeniita ofisini ningemwambia. Aliniuliza getini, wale vijana wote wa kazini wananitazama, na wewe umesimama pale. Ningesemaje?"

Hapo alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Lakini sikumwachia.

"Na mimi je? Siku ile nilipokuletea picha?"

Akaokota kitasa, akakigeuza.

"Ulijua."

"Nilijua. Mtu hasahau kazi ya mkono wake."

"Ukaniacha msimu mzima! Ningesimama mbele ya watu nikadanganya, huku naapa ni kweli. Yule mama wa bondeni angerudi kwao mikono mitupu. Na picha ya mti ulinikataza kwa sababu hiyo."

"Nilitaka aanguke," baba akasema. "Nawe ulitaka. Ulikuwa unarudi hapa jioni unanitazama kama zamani, kama mtu aliyeonewa bure. Sikuweza." Akainama mbele, akashusha sauti. "Na bado inawezekana, mwanangu. Rudisha ule waya uukaze. Nani atajua? Watu wa milimani nao si watu?"

Nilimtazama mtu huyu ambaye kwa ajili yake nimemchukia Bingwa. Chuki niliyoitunza ikageuka pale pale kibarazani, ikamkuta yeye.

"Ijumaa utakuja na mimi," nikasema. "Na koleo zako. Utaufungua mwenyewe."

"Unataka kunirudisha kwenye lile geti?"

"Ndiyo."

Mama alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na mwiko. "Mwanangu, huyo ni baba yako."

"Najua ni nani," nikamjibu, nikaingia ndani bila kula.

Jumatano, 7 Mei

Hatuzungumzi. Mama anazungumza na sufuria.

Alhamisi, 8 Mei

Baba hajala. Nimemwona, na nimenyamaza.

Ijumaa, 9 Mei

Jua limewaka siku nzima, kama vile hapakuwahi kunyesha.

Baba alivaa shati lake jeupe. Mfuko ni ule ule. Tulipofika getini mlinzi akamtambua, akasimama wima, ni yule yule wa siku ile. "Mzee wangu! Wewe pita tu, karibu sana."

Baba hakupita. Aliuweka mfuko juu ya meza ya mlinzi, akaufungua, akatoa koleo, akatoa miwani, akatoa bakuli ambalo mama alimfungia, akalifunua. Mlinzi akawa anasema, "Aa, mzee, basi, basi jamani," huku anatazama pembeni. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nilipokuwa nimesimama mara ya kwanza. Nilimwacha amalize.

Ukumbini Bingwa aliongea. Aliongea vizuri, nitakuwa mwongo nikisema vingine. Alisoma michoro ya ubapa mstari kwa mstari na kila alichosema kilikuwa sahihi, na kila neno sahihi lilinichoma. Alipomaliza, mjumbe wa milimani, mwalimu mstaafu mwenye fimbo, akanyanyua mkono.

"Mbona waya unakwenda kushoto? Sisi ndio tunaofunga hivyo."

Bingwa akainama, akautazama waya. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na jibu. Ile ndiyo nafasi niliyoiomba kutwa kucha msimu mzima. Ningeweza kukaa kimya tu, hata kusimama kusingehitajika.

Nikasimama. "Waya ulifungwa upya hapa hapa makumbusho. Aliyeufunga yupo."

Baba akatoka kwenye kiti chake cha nyuma. Ukumbi mzima ulisikia viatu vyake. Akavaa miwani, akashika ncha ya waya kwa koleo. Mkono umetulia, ni mkono wa fundi. Alifungua mzunguko baada ya mzunguko, waya ukawa unajikusanya mezani, na kile kitambaa kikaanza kuonekana, kikalegea, kikaanguka.

Fundi cherehani wa bondeni alikiokota. "Hiki nacho ni cha kale?"

"Hapana, mama," baba akasema. "Ni gauni la shule la mwanangu."

Mtu akacheka nyuma. Yule mama akakigeuza, akaona uzi mwekundu, jicho la ufundi likamshinda. "Na aliyeshona hivi?"

"Mimi," nikasema.

Hakucheka. Akakiweka mezani, akaja kuutazama mti. Mwalimu wa milimani naye akaja, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa, akapitisha kidole kwenye zile alama. Akanyooka akiegemea fimbo. "Zinakwenda kulia. Si wetu," akasema, akampa yule mama mkono.

Bingwa alikuwa ameshapata pumzi yake. "Mzee," akasema, "nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema hujagusa."

"Nilisema."

Nilimsubiri Bingwa aseme neno moja tu kuhusu mfuko. Hakusema. Nikashindwa kuvumilia.

"Na kwenye bakuli, mheshimiwa, ulikuwa unatafuta nini?"

Alinitazama, akatazama bango lake, kisha akawageukia wajumbe na kuwakaribisha chai. Watu walianza kusogeza viti. Baba alibaki pale mezani ameshika koleo, hajui kama aondoke au abaki, kichwa ameinamisha.

Msimu mzima nilitaka kumwona mwanamume mmoja akiinamisha kichwa mbele ya watu. Nimemwona.

Jumatatu, 12 Mei

Mkuki umeondoka leo. Mama wa bondeni ameuchukua bila waya, mafundi wao wataufunga kwa namna yao. Amenipungia mkono kutoka dirishani mwa gari.

Bingwa amepita karakana kapiga mluzi. Chai amekorogea kalamu.

Jioni baba aliniambia neno la kwanza tangu Ijumaa. Aliuliza kile kitambaa kiko wapi. Nikamwambia kiko kazini, kwenye droo, na kibandiko chake kama kitu kingine chochote cha makumbusho.

"Umeandika nini?"

"Pamba. Miraba ya zambarau. Asili inajulikana."

Alitikisa kichwa polepole. Baadaye, tukiwa tunakula, akauliza kama naweza kumrudishia.

Nilimwongezea mboga kwenye sahani. Sijamjibu.